Nusu kaputi au sindano ya mgongo? Soma hapa kabla hujasaini fomu ya operesheni

Swali ambalo watu wananiuliza kuliko yote, kuliko hata bei, ni hili: "sasa mimi nalazwa kabisa au nachomwa mgongoni?" Na mara nyingi anayeuliza ana jibu lake tayari kichwani, kuna dada yake alichomwa mgongoni wakati wa kujifungua na mpaka leo mgongo unamuuma, au kuna baba mdogo alilazwa akachelewa kuamka mpaka ndugu wakaanza kupigiana simu, basi hapo hata umwambie nini anakuangalia tu. Mimi kazi yangu ni hiyo ya usingizi, kwa hiyo naandika ninavyoona kutoka thieta na nitakuambia pia naegemea wapi, ila usiichukue hii ukaenda kubishana nayo na aliyekupima. Yeye kakuona, mimi sijakuona.

Tuelewane kwanza tunalinganisha nini na nini. Nusu kaputi ni kulala kabisa, husikii, hukumbuki, misuli imelegea na mara nyingi hata pumzi unapumuliwa na mashine. Sindano ya mgongo, wenyewe hospitali tunaiita spaino, wewe uko macho unaongea, ila kuanzia kifuani au kitovuni kushuka chini huna maumivu na miguu hainyanyuki hata ukiamrisha. Ina ndugu zake, kuna epidyuro ambayo kamrija kembamba kanaachwa mgongoni dawa inaongezwa kidogo kidogo, na kuna kublokiwa mishipa ya fahamu ya mkono au mguu mmoja tu. Hizo ntazigusa njiani.

Operesheni iko wapi mwilini?

Hapa ndo nusu ya uamuzi inapoishia, na watu wengi hawajui kwamba uchaguzi wenyewe haupo kwa kila operesheni. Goita, mafindofindo, kichwa, kifua, operesheni ya matundu ambayo tumbo linajazwa gesi, hizo ni kulala na hamna maneno mengi. Utumbo uliotoboka nao ni kulala. Ukishuka chini ya kitovu ndo mambo yanafunguka: kujifungua kwa kisu, ngiri, busha, bawasiri, tezi dume, kuvunjika nyonga au mguu, kidonda cha mguu cha mtu wa kisukari, zote hizi spaino inazimudu vizuri.

Kidole tumbo kiko katikati. Wapo wanaokifanya kwa spaino na kinaenda vizuri kabisa, lakini kama kimeshapasuka na tumbo limejaa usaha mimi naona lala tu, maana daktari atahitaji kupanda mpaka juu kusafisha, ganzi huko juu haifiki sawasawa, utakuwa unavutwa utumbo huku unatapika na wewe uko macho, hakuna anayeifurahia hiyo, wewe wala sisi.

Tezi dume ile ya kukwangua kupitia njia ya mkojo naipigia debe spaino kwa sababu moja ambayo wagonjwa hawaijui. Wakati wa kukwangua kuna maji yanapitishwa muda wote kusafisha ili daktari aone, na maji hayo yakiingia mengi kwenye damu sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, inashuka, mzee anaanza kuchanganyikiwa, anaongea vitu havieleweki, anakosa utulivu. Akiwa macho tunaliona mapema kwa kumsikia tu anavyoongea. Akiwa amelala tunangoja mashine itushtue, na hapo limeshafika mbali.

Mkono nao, mfano umevunjika mfupa wa mbele au kuna kidonda cha kushonwa kikubwa, unaweza kublokiwa kwapani au juu ya mtulinga, mkono unakufa ganzi wote na wewe unapiga stori. Siku hizi kwenye hospitali zenye altrasaundi sindano inaongozwa kwa picha, mtu anaona kabisa neva iko wapi na mshipa wa damu uko wapi. Uzuri wake mwingine ni kwamba operesheni ikiisha ganzi bado ipo masaa mengi, kwa hiyo usiku wa kwanza unalala. Mtoto wa jicho ndo kabisa, ganzi ya pembeni ya jicho inatosha kwa watu wazima wengi.

Watoto wadogo karibu wote wanalazwa, huwezi kumwambia mtoto wa miaka 3 akae kimya saa nzima. Wazazi wanaogopa kwamba dawa itaharibu akili ya mtoto, na hofu hiyo siyo ya kijinga, wataalamu wenyewe waliijadili miaka mingi. Kuna utafiti mkubwa uliofuatilia watoto wachanga 722 waliofanyiwa operesheni ya ngiri, kundi moja walilazwa chini ya saa moja hivi, kundi jingine walipewa ganzi wakiwa macho, wakaja kupimwa akili walipofika miaka 5, matokeo yakatoka 2019, hakukuwa na tofauti. Kwa hiyo ngiri ya mtoto isikukoseshe usingizi kwa sababu hiyo.

Inavyokuwa ukichomwa mgongoni

Nieleze hii taratibu kwa sababu hofu nyingi zinatokana na kutojua. Unawekewa dripu kwanza, mkononi. Unakaa pembeni ya kitanda, miguu inaning'inia au inakanyaga kiti, unakumbatia mto, kidevu kinashuka kifuani na mgongo unautoa nje kama paka aliyekasirika. Hapo ndo penye kazi yako wewe, ukijikunja vizuri mifupa inaachana na sindano inapita kirahisi, ukijinyoosha kwa woga tunachoma mara mbili tatu halafu unasema spaino mbaya. Unapakwa dawa ya kusafisha, ni ya baridi, wengi wanashtuka hapo kabla hata ya kuguswa na sindano. Kisha kasindano kadogo ka ganzi ya ngozi, kanauma kama kinavyouma kitu kidogo, sekunde chache. Halafu ile sindano yenyewe, ambayo ni nyembamba kuliko ya kutoa damu, hiyo unaisikia kama unasukumwa zaidi kuliko kuchomwa.

Inaingia wapi? Mtu anashika juu ya mifupa ya nyonga pande zote mbili, anachora mstari kwa akili, na hapo ndo anapotafuta nafasi, chini ya pale uti wenyewe wa mgongo unapoishia. Kwa mtu mzima uti unaishia juu kidogo, chini yake zimebaki nyuzi za fahamu zinazoelea kwenye maji, zikiguswa zinasogea. Ndo maana ukihisi umeme umepita mguuni sema palepale, "dokta mguu wa kulia", tunarudisha sindano nyuma, usijikaze kiume. Yakishatoka yale maji meupe kama ya kunywa tunajua tumefika, dawa inaingia, mililita mbili na kitu tu, unalazwa chali, uko macho bado.

Dakika tano hivi miguu inakuwa ya moto, halafu mizito, halafu siyo yako. Tunakupima kwa pamba ya spiriti, "baridi unaisikia hapa? na hapa?", na daktari wa upasuaji atakubana na koleo kabla hajakata. Hakuna anayekata bila kupima. Utakachoendelea kukisikia ni kuguswa na kuvutwavutwa, na kwa mama anayejifungua kuna dakika wanakandamiza juu ya tumbo mtoto atoke, hiyo inakera kweli, unahisi kama mtu amekukalia. Siyo maumivu lakini siyo starehe pia, bora nikuambie sasa hivi. Ikiuma kweli kweli, sema, kuna cha kufanya.

"Mwanangu mimi nilaze tu sitaki kuona," mama mmoja mtu mzima aliniambia akiwa ameshika nguzo ya kitanda. Nikamwambia mama huoni kitu, kuna kitambaa kinawekwa hapa kifuani kama pazia, utaniona mimi tu. Hili watu wengi hawalijui, wanadhani watakuwa wanaangalia tumbo lao likipasuliwa. Na kama hata kusikia hutaki, hospitali nyingi tunaweza kukuongezea dawa kidogo ya kukutuliza usinzie, isipokuwa kwa mama mjamzito huwa tunangoja mtoto atoke kwanza.

Shida za papo hapo za spaino ni presha kushuka, kichefuchefu na kutetemeka. Presha inashuka kwa sababu mishipa ya damu ya miguuni na tumboni inalegea pamoja na misuli, tunajua itatokea, dripu inakimbia na dawa ya kupandisha iko kwenye bomba imeshavutwa. Ukianza kuhisi kizunguzungu au mate yanajaa mdomoni, usisubiri mpaka utapike, niambie. Mara chache ganzi inapanda juu kuliko ilivyotakiwa, vidole vya mikono vinakufa ganzi, sauti inapungua, hapo ndo utaelewa kwanini mtu wa usingizi hatoki kichwani pako hata dakika.

Ukilazwa je

Upande wako wewe ni rahisi mno, na hapo ndo mvuto wake. Unawekewa barakoa ya oksijeni unavuta pumzi ndefu dakika chache, dawa nyeupe kama maziwa inaingia kwenye dripu, inachoma choma mkono kidogo, unaanza kuhesabu au kusali, unaamka operesheni imeisha na unauliza wataanza saa ngapi.

Upande wetu ni kinyume chake, kazi ndo inaanzia pale unapolala. Umeacha kupumua, na kuna dakika chache za kupitisha mpira kooni mpaka kwenye njia ya hewa na kukuunganisha na mashine. Kwa mtu mwembamba mwenye shingo ndefu na meno kamili siyo tatizo. Kwa mtu mnene, shingo fupi, mdomo haufunguki, anayekoroma usiku mpaka jirani anasikia, hapo tunajiandaa mara mbili. Na kuna tumbo, ukiwa umekula, chakula kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu wakati huna nguvu ya kukohoa. Wengi wanaodhurika na nusu kaputi, shida imeanzia kwenye hewa, yaani mpira na mapafu, siyo kwamba "dawa ilikuwa kali" kama wanavyosema mtaani.

Ukiamka koo linakwaruza siku moja mbili, baridi, kusinziasinzia, na kichefuchefu ambacho kinawapata karibu thuluthi ya watu, zaidi wanawake, wasiovuta sigara na wale wanaotapika kwenye basi. Kama wewe ni wa kutapika kwenye basi sema mapema, kuna dawa tunatanguliza.

Kuamka katikati ya operesheni na kusikia, hofu hiyo ipo na inazungumzwa sana. Uingereza walifanya uchunguzi wa nchi nzima wakatoa ripoti 2014, walipata kama mtu 1 katika kila waliolazwa 19,000, ila kwa akina mama wa kujifungua kwa kisu waliolazwa ilikuwa 1 katika 670 hivi, kwa sababu pale kila kitu kinaharakishwa na dawa tunaanza nayo kwa kubana ili mtoto asilale nayo. Hiyo ni sababu moja zaidi ya mama mjamzito kupenda mgongo.

Na neno kuhusu ketamini, maana kwenye hospitali nyingi za wilaya na vituo vya afya ndo inayotumika ukiambiwa unalazwa kwa operesheni fupi. Ni dawa ya siku nyingi, tangu miaka ya 1960, na uzuri wake ni kwamba presha haishuki na mtu anaendelea kupumua mwenyewe, kwa hiyo hata umeme ukikatika hujafa. Ubaya wake ni maruweruwe. Ukisikia mtu anasimulia kwamba alipofanyiwa operesheni alipaa akaona dari inafunguka akaongea na marehemu bibi yake, kuna uwezekano mkubwa ilikuwa ketamini. Inapita. Chumba kitulie, asipigiwe kelele wala kutikiswatikiswa, na kuna dawa ya kuongeza inayopunguza hayo.

Sasa kipi salama?

Mtu anategemea niseme mgongo. Jibu la kweli ni kwamba kwa mtu mwenye afya, hospitali ina vifaa, mtaalamu anajua kazi, vyote viwili ni salama sana na tofauti ni ndogo kuliko inavyovumishwa. Chukua bibi aliyevunjika nyonga, ambako kwa miaka mingi sisi wenyewe tuliamini spaino ni bora na bibi hatachanganyikiwa akili baada ya operesheni. Marekani na Canada wakafanya utafiti kwa wagonjwa 1,600 kuanzia miaka 50, matokeo 2021, baada ya siku 60 vifo na uwezo wa kutembea vilikuwa sawasawa tu. China nao wakafanya kwa wazee 950 wa miaka 65 kwenda juu, wakatoa matokeo muda mfupi baadaye, kuchanganyikiwa akili hakukuwa na tofauti. Kwa hiyo kama bibi yako hawezi kukaa ajikunje kwa maumivu na wanasema watamlaza, msianze vita ya ukoo hapo korido.

Lakini hizo ni nchi za mashine zote zipo. Kwetu hesabu inabadilika kidogo, na hapa ndo naegemea mgongo waziwazi kwa operesheni za chini ya kitovu, hasa kujifungua. Mwaka 2016 kuna mapitio ya tafiti nyingi kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati, walikuta akina mama waliolazwa kwa ajili ya kisu walikuwa kwenye uwezekano wa kufa kama mara 3 zaidi ya waliochomwa mgongoni. Usiisome vibaya hiyo namba, sehemu yake ni kwa sababu wanaolazwa mara nyingi ndo wale walioletwa wameshamwaga damu au wanapata kifafa cha mimba, walikuwa wagonjwa zaidi toka mwanzo. Lakini sehemu nyingine ni ya kweli. Mama mjamzito njia ya hewa imevimba kidogo, tumbo halimwagi chakula haraka, oksijeni inamwishia upesi kuliko mtu mwingine, yaani kila kitu kinachofanya kulala kuwe kugumu anacho. Ongeza mtungi wa oksijeni unaokaribia kuisha na mashine ya kupima oksijeni ya kidoleni inayogombewa na wodi mbili, halafu uniambie ungechagua nini. Spaino inahitaji kichupa kimoja cha dawa, sindano nzuri, dripu, kipimo cha presha na mtu makini, ndo maana bei yake nayo huwa chini. Na mama anasikia mtoto akilia.

Kwa hiyo ukiwa hospitali kubwa ya rufaa swali la "kipi" halina uzito kama unavyofikiri. Ukiwa kituo kidogo lina uzito, na swali zuri la kuuliza ni "nani atanipa usingizi, na atakaa na mimi muda wote?"

Mgongo kuuma, kupooza, na kichwa

Hili la mgongo kuuma maisha yote ndo uvumi sugu kuliko wote. Pale ulipochomwa pataumwa siku chache kama jipu dogo lililoguswa, hiyo ni kweli. Yale maumivu ya miezi na miaka, tafiti zinazolinganisha waliochomwa na ambao hawakuchomwa hazijaona kwamba sindano ndo inayoleta. Wajawazito wengi mgongo unawauma hata wakijifungua kwa kawaida, mishipa na viungo vililegea kwa ajili ya mtoto kupita, tumbo limevuta mgongo miezi, halafu anaanza kunyonyesha amejipinda usiku kucha na kubeba mtoto upande mmoja. Sindano inabeba lawama kwa sababu ndo kitu kinachokumbukwa.

Kupooza kunaweza kutokea, sitakudanganya, ila ni nadra mno. Uingereza hao hao walihesabu sindano za mgongo zaidi ya 700,000 kwa mwaka mmoja, madhara ya kudumu yalikuwa kati ya watu 2 na 4 katika kila 100,000, na hapo ni pamoja na madhara madogo kama ganzi inayobaki kwenye sehemu ya mguu.

Kichwa ndo kitu halisi cha kukijua. Tundu la sindano likivuja yale maji ya uti, siku moja mbili baadaye unapata kichwa cha aina yake, ukikaa au kusimama kinapasuka, ukilala bapa kinaondoka kama hakikuwepo. Kimeanza zamani sawa na spaino yenyewe. Daktari Mjerumani August Bier mwaka 1898 pale Kiel alijaribiana sindano hiyo na msaidizi wake, yeye maji yakamvuja mengi kwa sababu bomba halikukaa vizuri kwenye sindano, msaidizi ganzi ikakubali wakampiga na nyundo kwenye ugoko na kumchoma na sigara asisikie, jioni wakaenda kula na kunywa, na Bier akaja kulala na kichwa siku kama tisa. Sindano zao zilikuwa nene. Hizi nyembamba za ncha kama ya penseli zimepunguza mno, ni mtu mmoja au wawili katika mia hivi, zaidi wanawake vijana. Kikikupata rudi hospitali, usijifungie ndani na panadol wiki mbili, mara nyingi kinaisha kwa maji mengi, dawa na kahawa, na kikigoma hospitali kubwa wanaweza kukuchoma damu yako mwenyewe kidogo pale mgongoni kuziba tundu, wengi wanapata nafuu siku hiyohiyo.

Ambao mgongo hauwafai

Kama unatumia dawa ya kuyeyusha damu kama wafarini au heparini, au una ugonjwa wa damu kutoganda, sindano inaweza kuleta donge la damu linalobana uti. Aspirini ile ndogo peke yake mara nyingi siyo kizuizi. Kama una jipu au maambukizi pale pa kuchoma. Kama una uvimbe kichwani unaoongeza presha ya ubongo. Kama vali za moyo zimebana sana. Na kama umepoteza damu nyingi, mfano mimba ya nje ya kizazi imepasuka, hapo presha imeshashikiliwa na mishipa iliyojikaza, spaino ikiilegeza unaondoka. Hapo hata kama ulisema "mimi sitaki kulazwa kabisa", utalazwa, na ni sawa.

Mgongo uliopinda sana au wenye vyuma inategemea, mlete mtu na picha yake. Pumu inapenda mgongo, mpira kooni unaweza kuichokoza. Sikoseli inaweza njia zote mbili, muhimu asisikie baridi, asikaukiwe maji, oksijeni isishuke. VVU siyo kizuizi cha njia yoyote.

Na usipotaka, hutachomwa. Kukataa kwa mgonjwa ni sababu tosha, huhitaji kuomba msamaha, ila sema mapema siyo ukiwa umeshakaa kitandani na mgongo umepakwa dawa.

Mambo ambayo ni yaleyale kwa zote mbili

Kufunga. Watu wanadhani ukichomwa mgongo unaweza kunywa uji asubuhi kwa sababu hulali. Hapana, spaino mara mojamoja haishiki, au operesheni inazidi muda wake maana ganzi inadumu masaa mawili matatu hivi, na hapo unalazwa. Chakula na uji na chai ya maziwa acha masaa 6 kabla, maji matupu unaweza mpaka masaa 2 kabla, mtoto anayenyonya masaa 4. Na usifunge kuanzia jana mchana ukidhani ndo unafanya vizuri zaidi, unakuja umekauka mishipa haionekani.

Taja kila unachokunywa, ikiwemo dawa za mizizi na mirungi. Mirungi naitaja makusudi, watu wanaficha, na inachezea presha na mapigo ya moyo na sisi ndo tunaohangaika. Dawa za presha na kisukari uliza ipi umeze asubuhi ipi uache, siyo zote sawa. Meno ya bandia yatoke. Rangi ya kucha na hina nyeusi kwenye vidole zinaweza kuchanganya kipimo cha oksijeni, acha japo kidole kimoja kitupu. Kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata joto kali au kufa akiwa kwenye nusu kaputi, hilo ni la kwanza kusema, kabla ya jina lako.

Ukishatoka, kama ulilazwa usiendeshe gari wala pikipiki wala kusaini karatasi za shamba kwa saa 24, kuwe na mtu wa kukurudisha. Kama ulichomwa mgongoni usishuke kitandani peke yako hata kama unahisi miguu imerudi, inarudi kwa awamu na wengi wanaanguka hapo, na mkojo unaweza kugoma kidogo. Masaa mawili mpaka manne miguu inaanza kuchezacheza, wengine zaidi kidogo. Kama imepita masaa sita na bado hata kidole hakitikisiki, au ilirudi halafu ganzi ikaanza upya, au mgongo unauma vibaya na una homa, au huwezi kukojoa kabisa, mwite nesi usiku huohuo na umwambie amuite mtu wa usingizi, usikubali kuambiwa subiri raundi ya asubuhi.